Jiko la kuandaa chakula na kwenda nacho nyumbani: niende?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Ninaishi Kent, jimbo la Washington, na nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu kazini ananishawishi twende kwenye jiko ambako unalipia, unakuta kila kitu kimeshakatwa, unajaza mifuko yako ya chakula cha jioni, unakwenda kuigandisha nyumbani. Mume wangu hana neno. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, anasema nitawalisha watoto viporo. Sisi ni Waislamu. Unanishauri nini? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda, ila usilipe hata senti kabla hujauliza habari ya nyama.

Majiko haya yalivuma kuanzia huko huko kwenu: Stephanie Allen na Tina Kuna walianzisha Dream Dinners pale Snohomish mwaka 2002, na wengine wakafuata. Nilipokuwa kwa binti yangu Tacoma tulikwenda kwenye jiko moja la namna hiyo. Vyakula unachagua mapema mtandaoni. Ukifika unanawa, unavaa aproni, unahama meza kwa meza. Kila meza ina chakula chake: maelezo yamebandikwa mbele yako, chini yake vibakuli vya vitunguu vilivyokatwa, saumu iliyopondwa na viungo, kila kibakuli na kijiko chake cha kupimia. Hapo ndipo nilipopapenda. Karatasi ilisema chumvi kijiko kizima, nikatia nusu; pilipili manga nikazidisha, na hakuna aliyenizuia. Nyama ya kuku inaingia mfukoni mbichi, rojo juu yake, unatoa hewa, unafunga, unabandika lebo ya namna ya kupika.

Kwa hiyo mweleze mama, taratibu na kwa heshima, kwamba hicho si kiporo. Nyama haijaona moto mpaka siku utakayoipika wewe.

Sasa uhalali. Meza ya jirani kulikuwa na soseji za nguruwe, na watu walikuwa wakihama na mikono ile ile. Tulimwomba msimamizi atupe viungo na rojo peke yake, kutoka vyombo ambavyo havijaguswa, nyama tukanunua kwenye bucha la halali. Alikubali, lakini bei haikushuka. Ndiyo maana nakwambia uulize kwanza.

Ukirudi kazini asubuhi, kabla hujalala, toa mfuko wa kesho kwenye friza uuweke chini kabisa kwenye friji, juu ya sahani, maana maji ya nyama huvuja. Uache siku nzima. Usiuyeyushe juu ya meza ya jikoni hata ukiwa na haraka kiasi gani. Vijidudu huzaliana nje wakati ndani bado barafu.

Mimi ningekwenda mara moja nijifunze mpangilio wao, kisha niwaite mashoga wawili nyumbani siku ya mapumziko. Nunueni kuku wa halali kwa pamoja, mmoja akate vitunguu, mwingine aponde tangawizi na saumu, na viungo mwachieni mama mkwe apime yeye. Viazi vibichi msigandishe, vinageuka vyeusi; vitieni siku ya kupika, na tui vilevile.