Fundi, niinyanyue Hilux ya mzee au niiache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tandahimba. Mzee ameniachia Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Msimu wa korosho natoa magunia mashambani napeleka ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika. Kwenye njia za kichanga inakwama, na tuta la katikati linakwaruza tumbo. Kuna fundi anasema ataweka vyuma kwenye springi, ipande inchi 4, halafu nifunge tairi kubwa. Nifanye?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Inchi 4 usifanye. Nakuandikia kirefu kwa sababu gari hiyo ndiyo jembe lako, na chuma kikishakatwa hakirudi.

Umeleta shida mbili ukazifunga mzigo mmoja. Kukwama kwenye kichanga ni shida ya tairi kushika. Kukwaruza tumbo ni shida ya kimo. Kunyanyua kunatibu hiyo ya pili tu, tena si yote. Ingia chini ya gari uangalie difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma. Difu imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Ukiweka vyuma kwenye springi, kinachopanda ni chesi (fremu ya gari) na bodi. Difu inabaki palepale. Kinachoipandisha difu ni tairi peke yake, na inapanda nusu tu: kipenyo cha tairi kikiongezeka inchi 2, difu inapanda inchi 1.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu yeyote hela, lala chini na tochi utafute mikwaruzo mipya, pale chuma kinapong'aa. Ikiwa kwenye difu, springi hazina msaada. Ikiwa kwenye ekzosi, tangi la mafuta au ile mhimili inayobeba giaboksi, hapo kimo cha chesi kinahusika, tuendelee kuzungumza.

Gari ya umri huo, kabla ya kuuliza ipande kiasi gani, uliza imeshashuka kiasi gani. Iegeshe tupu mahali pa tambarare utazame springi za majani za nyuma. Zinatakiwa ziwe na tao. Kama zimenyooka kama rula wakati bodi halina kitu, zimechoka, na ukipakia gunia 12 za kilo 80 (hizo tayari ni kilo 960) gari inakalia raba za kuzuia kugonga. Mbele, Hilux za zama hizo nyingi zina tosheni ba, vyuma virefu vinavyojinyonga badala ya springi, navyo hulegea kwa miaka. Chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Mara nyingi upande wa dereva huwa umelala kuliko wa abiria. Kurudisha kimo cha kiwandani tu kunaweza kukupa inchi moja na zaidi ambayo mzee wako aliipoteza bila kujua.

Nyuma, tafuta seti ya springi iliyo nzima. Zile zinazopigwa nyundo zirudishe tao huwa zinalala tena baada ya mizigo michache, nimeziona mno. Mbele, bolti za tosheni ba zinakazwa kidogo kidogo, pande zote zilingane. Ukizikaza kupita kiasi mikono ya mbele inaning'inia hadi mwisho, gari inakuwa ngumu kama mkokoteni, boli jointi, viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele, zinafanya kazi kwenye pembe mbaya na tairi zinaliwa upande mmoja. Mimi sivuki inchi moja na nusu juu ya kimo cha kiwandani, na baada ya hapo lazima alaimenti, kunyoosha magurudumu. Hiyo usiiruke.

Sasa kuhusu zile inchi 4. Mwaka juzi nililetewa pikapu ya namna hiyohiyo kutoka Masasi, imenyanyuliwa gereji nyingine. Springi zilikuwa zinapita chini ya ekseli, kama zilivyo kwenye nyingi zinazosukumwa na magurudumu mawili tu. Wakazihamishia juu, gari ikapanda kama inchi 5. Mwenyewe alilalamika kwamba ikifika spidi ya kilomita 60 kwa saa inatetemeka hadi usukani. Nilipoingia chini, vikombe vya krosi (kiungo) ya propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye difu, vilikuwa vimezungukwa na unga mwekundu wa kutu, na krosi ukiizungusha kwa mkono inakwaruza. Pembe ya shafti ilikuwa imebadilika, na aliyechomelea vikalio vya springi hakuielekeza difu upya. Krosi ilikuwa imebadilishwa mara mbili, hii ya tatu.

Kilichonitisha zaidi ni breki. Hilux nyingi zina vali nyuma inayosoma mzigo: kijiti kimetoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali iliyofungwa kwenye chesi. Bodi likishuka kwa mzigo, vali inaziongezea breki za nyuma nguvu. Ukinyanyua chesi bila kurekebisha kijiti, vali inadhani gari ni tupu siku zote. Umepakia tani ya korosho, unateremka kutoka uwanda wa Makonde, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Juu ya hayo mzigo umekaa juu zaidi, na magunia yakihama kwenye kona yanavuta gari yote. Kwa mtu anayebeba mizigo, hili peke yake linatosha kunifanya nikatae kazi.

Turudi kwenye kichanga, maana hicho ndicho kinakulaza porini. Tairi kipara zibadilishe. Lakini usikimbilie tairi za kashata (meno) kubwa za matope. Kwenye mchanga mkavu zinachimba shimo lake zenyewe. Kinachokutoa mchangani ni kupunguza upepo wa tairi. Gari ikiwa tupu, shusha za nyuma hadi psi 20 hivi (psi ni kipimo cha upepo), tairi ilale, itandaze mguu wake. Ukiwa na mzigo usishuke kiasi hicho, punguza kidogo, nenda taratibu, na jaza tena kabla ya kugusa lami. Kwa hiyo uwe na pampu nzuri. Magunia yapange yaanzie kichwani mwa bodi hadi juu ya ekseli, yasirundikane kwenye mlango wa nyuma. Ukirudi tupu, weka mifuko mitatu ya mchanga juu ya ekseli. Na gurudumu moja likizunguka bure, vuta breki ya mkono meno mawili matatu huku ukikanyaga mafuta polepole. Inalibana lile linalozunguka, nguvu inahamia kwa mwenzake.

Ukitaka tairi ndefu kidogo, kumbuka gari yako ina nati tano. Rimu za foo wili (zinazosukumwa na magurudumu yote manne) za nati sita hazikai. Kutoka 195R14 kwenda 195R15 difu inapanda kama sentimita moja na robo, na gia inabaki karibu na ilivyokuwa. Ukienda kubwa zaidi, gia ya kwanza inakuwa nzito kuondoka na mzigo, na klachi ndiyo italipa.

Fanya springi na tosheni ba kwanza, kisha tairi, kisha pita njia ileile na mzigo uleule. Kama tuta bado linagusa, niandikie sentimita ulizopima pande zote nne na mahali chuma kinapong'aa.