Maswali yenu ya reli: seti za HO, reli ya Sigi, na picha zisizo na maelezo

Kaka, reli ya Tanga ilijengwa lini na nani? (Makorora)

Jamani hili swali, kila nikifungua meseji lipo. Haya, mara ya mwisho: Mjerumani alianza hapa Tanga 1893, Muheza kafika 1896, kampuni ikaishiwa hela, serikali yao ikaichukua 1899, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Arusha ni 1929, Mwingereza ameshashika nchi. Na kile kipande cha Mnyusi mpaka Ruvu kinachotuunganisha na Reli ya Kati ni cha 1963, tumeshapata uhuru, kwa hiyo wanaosambaza kwamba Mjerumani aliunganisha Tanga na Dar kwa reli waache. Piga screenshot uitunze.

Shemeji kaniletea seti ya HO kutoka Ujerumani, nataka nitengeneze stesheni ya Tanga na line mpaka Korogwe. Nianzie wapi? (Chumbageni)

Anza kwa kutofungua pakiti ya reli. HO ni kipimo cha treni za modeli cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, na reli zinazokuja kwenye seti zina upana wa milimita 16.5 kati ya reli na reli. Zidisha hiyo mara 87 utapata 1435, yaani hiyo ni SGR ya Dar kwenda Dodoma, siyo reli yetu. Reli ya Tanga ni ya mita moja, geji ya milimita 1000, ukigawa kwa 87 unapata kama 11 na nusu, ndiyo maana wenzetu wanaotengeneza reli za mita kwa HO wanatumia reli za milimita 12, inaitwa HOm. Waswisi wana reli nyingi sana za geji ya mita kwa hiyo reli na magurudumu yake yanapatikana, ila bei imechangamka, nakwambia mapema.

Sasa watu wengi hapo wananijibu "nani ataona tofauti". Ataona yeyote aliyewahi kusimama kwenye platfomu. Behewa letu limekaa pana juu ya reli nyembamba, linavyopita linayumba kidogo kushoto kulia, lile umbo ndilo linalokwambia hii ni treni ya huku. Ukiliweka juu ya reli za 16.5 umetengeneza treni ya Ulaya iliyopakwa rangi.

Na hapa naomba mnisikilize wote, siyo huyu wa Chumbageni peke yake. Tunajua kila kichwa cha Ujerumani na Marekani kwa namba, lakini ukimuuliza mtu behewa la daraja la tatu la kwetu lina madirisha mangapi upande mmoja anakaa kimya. Hakuna kiwanda kitakachotutengenezea, lazima tupime wenyewe. Nenda stesheni, muombe stesheni masta ruhusa vizuri, chukua futi kamba na daftari, pima urefu, pima kutoka usawa wa reli mpaka chini ya dirisha, pima mlango, piga picha ubavuni ukiwa umesimama sawa siyo kwa pembeni. Kila mita moja ya kweli itakuwa milimita 11 na nusu kwenye modeli yako. Mabehewa ya zamani yakishakatwa vyuma chakavu hayo madirisha hutayahesabu tena popote.

Halafu angalia transfoma ya hiyo seti. Ya Ujerumani inatumia umeme kama wetu, 230, sawa. Ila mwenye ndugu Marekani awe makini, za kule ni 120, ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa unasikia harufu tu, basi imeisha.

Kuendesha treni ya modeli nianze na dijitali au analogi? (Muheza)

Una kichwa kimoja, dijitali ya kuamrisha kila kichwa peke yake ya nini? Analogi, volti 12, tosha.

Mimi nimepanga chumba kimoja tu, sina nafasi ya meza kubwa, niachane na haya mambo? (Ngamiani)

Usiachane dada, wewe una bahati kuliko wa Chumbageni. Tengeneza reli ya Sigi. Wengi hata hapa Tanga hawajui kwamba pale Tengeni kulikuwa na line ndogo ya milimita 750 iliyochepuka kutoka reli kubwa ikapanda Usambara Mashariki mpaka Sigi, ya enzi ya Mjerumani, kazi yake kubwa ikiwa kushusha mbao. Ukienda Amani leo unapita pale getini Sigi, nyumba ya stesheni masta wa Kijerumani bado imesimama.

Uzuri wake kwa mwenye chumba kimoja: 750 gawa kwa 87 ni kama 8.6, na reli za N, kipimo cha modeli kilicho kidogo kuliko HO, zina milimita 9, kwa hiyo unanunua kichwa cha N kilichotumika, cha bei poa, unatoa bodi ya juu, unabaki na chasisi yenye mota na magurudumu, unakijengea bodi mpya ya kadibodi au plastiki kwa kipimo cha HO. Kona zake unaweza kuzibana sana, ubao wa mita moja kwa nusu unakutosha na unaingia chini ya kitanda. Weka msitu mnene, line iwe inapanda, magogo kwenye mabehewa ya wazi.

Reli zangu za modeli zinaingia weusi kila baada ya siku chache na treni inakwamakwama, tatizo nini? (Raskazone)

Unakaa ufukweni ndugu yangu, hewa ya chumvi hiyo. Kama ni za brasi au chuma badilisha uweke za nikeli silva, nazo zinachafuka ila uchafu wake haukati umeme sana. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti safi ya isopropili, futa na magurudumu, maana watu wanasugua reli wanasahau magurudumu ndiyo yanayobeba uchafu yanaurudisha. Na tafadhali USITUMIE stili waya ya kusugulia masufuria. Vile vinyuzi vinavutwa na sumaku ya mota, vinaingia ndani, mota inapiga shoti.

Nimetumiwa picha ya kichwa cha mvuke cha Garratt, kikubwa sana, imeandikwa "Tanga miaka ya 60", ni kweli? (Korogwe)

Soma namba kwenye picha. Ikianza na 59 siyo Tanga. Zile 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 50, zina uzito wa kama tani 250, na kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi. Huku kwetu Tanganyika Garratt zilizokuja kipindi hicho ni za klasi ya 60, ndogo zaidi. Kinachowachanganya watu ni majina, 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki yote, kwa mfano 5918 iliyopo makumbusho ya reli Nairobi inaitwa Mount Gelai, na Gelai ni mlima wetu, uko jirani na Ziwa Natron, basi mtu akiona jina la kwetu anaandika picha ni ya kwetu.

Mnaopost picha, andikeni mahali, mwaka na namba ya kichwa. Kama hujui mwaka usiuandike. Picha moja iliyoandikwa uongo inazunguka miaka kumi, na mtoto wa shule anakuja kuinakili kwenye kazi yake kama historia.

Mchongoko na treni ya kawaida ya SGR tofauti yake nini? (Pangani)

Mchongoko mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe, hauna kichwa cha kuvuta. Ile nyingine ina kichwa cha umeme mbele kinavuta mabehewa. Umeme ni uleule wa volti 25,000 juu ya waya, msipande juu ya chochote pale stesheni kutafuta angle ya picha.

Si waulete tu mchongoko mpaka Tanga? (wengi)

Geji ya SGR ya 1435 haipiti kwenye yetu ya 1000. Hata TAZARA ya 1067 imetuzidi milimita 67 tu, na bado behewa lake haliingii kwenye reli yetu, mzigo unahamishwa Kidatu.

Bagamoyo kuna stesheni ya zamani ya kutembelea?

Hakuna. Reli ya Kati ilianzia Dar.

Naweza kupata wapi kipande cha reli ya Mjerumani au taruma la chuma niweke sebuleni kama kumbukumbu? Kuna jamaa wa vyuma chakavu anauza. (Tanga mjini)

Usinunue. Huyo jamaa hakuiokota baharini, kuna mahali imeng'olewa, na wewe ukitoa hela leo kesho anarudi kung'oa nyingine, pengine kwenye line inayopitisha treni ya mizigo usiku. Ni mali ya umma, polisi wakiikuta kwako hakuna atakayetaka kusikia habari za kumbukumbu, na treni ikianguka kwa ajili ya taruma lililokosekana kuna watu watakufa.

Unachotaka unaweza kukipata bure. Nenda kwenye kivuko cha reli mchana, hakikisha hakuna treni, simama pembeni uangalie ubavu wa reli, pale chini ya kichwa chake. Utaona herufi zimenyanyuka, jina la kiwanda na mwaka iliyotengenezwa, kutu imezikalia lakini zinasomeka. Piga picha, andika ni kivuko gani, nitumie. Nakusanya orodha ya kuanzia Tanga mpaka Mombo, na vipande vya Pongwe na Ngomeni bado sijapata mtu.