Makinda ya popo

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Hapa Tanga hatujambo, mvua imenyesha juzi na mchicha umeota hadi mlangoni.

Siku ya arobaini ya bibi yako, tukisugua masufuria, uliniuliza: "Mama, mie kifo nakiona wodini zamu hadi zamu. Hao washairi uliotusomesha wanajua nini nisichokijua?" Kisha ukawahi basi. Nimebaki na swali lako hadi leo.

Pengine hawajui kitu. Nimefundisha fasihi miaka thelathini, sijaona shairi lililomrudisha maiti. Lakini ichukue tena Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga akiyatazama magofu ya Pate, mji wa visiwa vya Lamu uliokuwa na matajiri wa kutajika. Anausemeza moyo wake mwenyewe, anaugombeza kama mtoto mkaidi, halafu anaushika mkono na kuuingiza ndani ya nyumba za wale waliokwisha kwenda. "Nyumba zao mbake ziwele tame, makinda ya popo iyu wengeme." Zile nyumba zilizong'aa sasa ni mahame, na vitoto vya popo vimening'inia juu. Kwenye vidaka vya ukutani, walimopanga sahani zao, wamelala makinda ya ndege. Buibui wametanda. Husikii sauti ya mtu.

Wewe wodini unamwona mtu anapokata roho. Shuka linabadilishwa, analazwa mwingine. Yanayofuata huku nyumbani hujaaliwa kuyaona, zamu haikupi nafasi. Mshairi yeye alikaa na kidaka kitupu mpaka akakiona vizuri. Mimi nilimfundisha miaka yote hiyo kama mtu wa kuhesabu vina na mizani, Mungu anisamehe.

Lile la yule mtoto mliyemhangaikia usiku kucha, mkafanya kila linalotakiwa na bado akaenda, mimi hunikumbusha Mfalme Edipode, ule mchezo wa Sophocles, Mgiriki wa kale, aliotufasiria Samuel Mushi mwaka 1971. Edipode anatabiriwa kwamba atamuua baba yake. Anakimbia Korintho asije akamdhuru yule anayedhani ndiye baba, na mbio zile zile zinamfikisha njia panda alipo baba yake wa kweli. Kila mwaka wanafunzi waliniuliza, "Mwalimu, kosa lake nini?" Nilikuwa nawajibu kiburi, hasira, kwa sababu mtihani ulitaka jibu. Siku hizi ningewaambia walikuwa sahihi kuuliza, basi. Na wewe usiruhusu mtu akupe jibu la mtihani kuhusu mtoto yule.

Shaaban Robert, mtu wa kwetu huku, alipofiwa na mkewe Amina alimfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Zamani niliuona mfano mwepesi mno. Alipofariki babako nilijikuta naurudia jikoni, sijui kwa nini.

Lakini ninayempenda zaidi ni Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi. Anamwambia asogee, kisha anasema maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, na hajapata kumwambia neno jema. Mwaka mzima! Kisha anamwagiza alete wino na karatasi. (Usishtuke, mie mzima, ni magoti tu.) Nikimsoma sasa naona hana habari ya kukieleza kifo. Ana haraka na mambo ya kumwambia mtoto wake kabla sauti haijakatika.

Bibi yako naye aliugua muda mrefu, nami nilikuwa namuuliza kala nini na dawa kanywa saa ngapi. Mkeka wake bado uko barazani, na kikombe chake kipo dirishani. Juzi nimekuta mjusi amejilaza ndani yake. Nilinyanyua mkono kumfukuza, nikauteremsha.

Ukipata likizo njoo, mama. Mambo yake tuyapange wawili.

Mamako