Injini ya ndege siyo lumbesa, tafuta cheni kwanza

Mkuu hapana, simama hapohapo. Unauliza upakie gari gani kutoka Dar hadi Iringa, na kama vijana sita wa Ipogolo wanatosha kushusha injini yako ya ndege ndogo, Lycoming O-320, kwenye Fuso kwa mkono. Naanza na hao vijana maana nilivyosoma pale tumbo limenikata.

USIWAITE. Ya kwangu niliishusha hivyohivyo hapa Uyole. Kuna fundi wa malori, anajiamini balaa, akaniambia kilo mia na kitu hiyo ni lumbesa tu, vijana wa viazi wanabeba huku wanapiga stori. Na kweli uzito haukuwashinda! Shida ni kwamba lumbesa unashika popote, hii haina pa kushika. Mirija ya pushrodi myembamba, mapezi ya silinda yanakatika, chini kabureta inaning'inia kwenye sampu (bakuli la oili), sasa kijana akitafuta pa kukamata anaona pale mbele, ile flanji, sahani ya chuma kwenye ncha ya krenki shafti inapofungwa propela, imetokeza inamwita kabisa. Akaikamata, mwenzie wa nyuma akateleza kwenye bodi, injini ikainama na uzito wote ukatua na flanji kwenye zege, ngo!

Fundi akapangusa na kitambaa, "chuma hicho bro, hakijafanya kitu". Kwa macho kweli huoni kitu. Kuja kuweka dayo geji, kile kipimo cha sindano cha kuonyesha kama chuma kimepinda, sindano inacheza, flanji imepinda, na krenki ya ndege hainyooshwi kwa nyundo jamani, hiyo inazungusha propela mara 2,700 kwa dakika mbele ya pua yako. Injini ikafunguliwa yote, krenki haifai, na hela ya nyingine ningevuta Kirikuu na chenji ya ulanzi ikabaki. Ile iliyopinda inazuia mlango wa stoo yangu usijifunge, kwa hiyo nina kizuizi cha mlango cha bei kuliko vyote Mbeya nzima, karibuni mkione. Fundi simu zangu hapokei, ila juzi nimemkuta Mwanjelwa anamshauri mtu mwingine, tena kwa sauti!

Sasa sikia, CHENI KWANZA GARI BAADAYE. Kabla hujampigia dereva uwe na cheni bloku, ile ya kunyanyulia mizigo mizito, imening'inia, siyo kwenye kenchi ya nyumba utaangusha paa, simika nguzo tatu nene au kodi kreni ya gereji. Juu ya injini kuna sikio la kunyanyulia, ndoano inaingia hapo tu. Gari irudi nyuma hadi chini ya cheni, unyanyue kidogo, gari isogee, ushushe taratibu, na ikiwa bado inaning'inia uifunge bolti kwa yale masikio manne ya nyuma kwenye stendi ya mbao, ndio ulegeze. Usiniambie mbao hakuna na msitu wa Sao Hill uko hapo jirani. Flanji ivishe gunia uandike kwa maka USISHIKE, na akitokea fundi wa malori mpe soda akae mbali.

Gari yoyote tu, mlima Kitonga itapanda. Ila weka picha ya cheni hapa kabla hujatuma hela ya Fuso.