Nesi ananijua, nihamie Arusha?

SWALI: Shikamoo Mama. Nauza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi. Tangu mwaka jana natumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi na mume wangu hajui. Nesi wa CTC, kliniki ninakochukulia dawa hizo, tunasali jumuiya moja. Kila nikienda ananihoji: unameza saa ngapi, unaziweka wapi, nani nyumbani anajua, una dawa nyingine? Naona ananichimba. Nikachukulie dawa Arusha?
Mama Ndizi, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kustaafu nilikalia kiti hicho cha nesi miaka mingi, na maswali hayo hayo niliyauliza mpaka wengine wakaninunia.

Chukua hilo la unaziweka wapi. Kopo la ARV, yaani hizo dawa za kufubaza, linalia kwenye mkoba, basi kina mama wa sokoni huhamishia vidonge kwenye karatasi au pindo la kanga. Huko vinapata unyevu. Kile kipakiti kidogo ndani ya kopo kimewekwa kunyonya unyevu, usikitupe. Mimi nilikuwa nawapa pamba: jaza juu ya vidonge, funga, kimya. Nisingeuliza ningejuaje?

Na dawa nyingine? Vidonge vya TLD, ambavyo wengi wenu mnatumia siku hizi, vina dawa iitwayo dolutegravir ndani yake, na hiyo haipatani na magnesiamu za kutafuna ukipata kiungulia. Meza TLD masaa mawili kabla ya kutafuna magnesiamu au masaa sita baada yake. Muuza duka la dawa hajui unatumia nini. Nesi anajua.

La nani anajua ndilo zito. Anayemeza kwa kujificha huruka dozi siku mume akishinda nyumbani. Ukimeza vizuri, kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani na ukaendelea hivyo, humwambukizi mumeo kwa kujamiiana. Lakini naye anahitaji kupimwa. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka nesi atunze siri yako, ingawa inaruhusu mwenzi kupewa majibu. Njia nzuri ni nesi apange nawe namna ya kumwambia, au mje wote wawili mpimwe na mpokee majibu pamoja. Nimeona ndoa zikitoka salama kwenye chumba kile. Nimeona pia mama aliyefukuzwa usiku na watoto, kwa hiyo kama mzee ana mkono mwepesi, nesi alijue hilo kwanza.

Kuhusu jumuiya, mwambie waziwazi: "Sista, kule tusalimiane kama zamani, ya kliniki yabaki kliniki." Hatanuna, ameshaambiwa na wengi. Akivujisha, nenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo.

Ukiona bado moyo hautulii, hama, ni haki yako. Ila omba barua ya uhamisho na uende na kadi yako, usipotee tu. Na piga hesabu ya nauli ya Arusha kwa miezi ambayo ndizi hazitoki.