Usitangaze bei ya kiti kabla kampuni ya bima haijakujibu kwa maandishi

Dada, hiyo meseji uliyoweka kwenye kundi letu la kutembea milimani, "kiti 60,000, Kampala–Sipi kwenda na kurudi", ifute sasa hivi. Umeuliza kama thadi pati (ile bima ndogo ya lazima) inatosha, kama gari lako, Toyota Wish, litapanda mlima wa Kapchorwa hadi Sipi, pa kuegesha, na namna ya kuchangishana. Mimi nakushika kwenye bei ya kiti tu, maana ndiyo iliyonifilisi.

Nilikuwa na bima kubwa, ile inayofunika hadi gari lako mwenyewe, siyo thadi pati. Nilimwambia wakala waziwazi: tuna kundi la kutembea milimani, wikendi napakia wenzangu na wananichangia. Akajibu, "Bosi, hii ni bima kubwa, inafunika kila kitu." Hakunifungulia hata ukurasa mmoja wa mkataba. Nikalipa, akala kamisheni yake.

Tukirudi usiku, ndani ya msitu wa Mabira, lori limeharibika katikati ya njia, halina taa wala tawi la kuonya. Nililikwepa tukaishia mtaroni. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono, gari likavutwa na brekidauni hadi Lugazi. Mkaguzi wa bima alipofika gereji hakuanza na bodi la gari. Alianza na abiria: mlilipa shilingi ngapi? Wenzangu ni watu wakweli, wakamwonyesha meseji yangu: "Vimebaki viti vitatu, tuma hela kwa simu uwekewe nafasi." Akaipiga picha.

Barua ilikuja fupi: gari la matumizi binafsi lilikuwa likibeba abiria kwa malipo, hatulipi. Na kweli, kwenye mkataba imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba kubeba watu kwa nauli hakumo. Gereji nililipa mwenyewe, hospitali tukachangishana. Wakala? Simu inaita tu mpaka leo. Mtu huyo aliambiwa kila kitu, akanitazama usoni akaniuzia bima isiyolingana na kazi niliyomtajia, na bado anauza. Hilo linaniuma kuliko gari.

Kuhusu thadi pati kwa kifupi: sheria ya Uganda ya 1989 inahusu watu walioumia au kufa, na kikomo chake ni shilingi milioni 1 kwa mtu na milioni 10 kwa ajali nzima. Mfupa ukihitaji kuwekewa chuma, milioni hiyo haifiki mbali. Gari lako hailigusi kabisa.

Sasa fanya hivi. Usitaje bei. Gawaneni mafuta yaliyotumika, nawe dereva ukiwa mmoja wa wagawanaji, na kisibaki kitu mfukoni mwako. Lakini hata hivyo usiondoke kabla hujaiandikia kampuni yenyewe barua pepe: napakia wanachama wenzangu wanne, tunagawana mafuta, hakuna faida, je, mnatufunika? Jibu litoke kampuni, siyo kwa wakala, na liwe limeandikwa. Wakitaka nyongeza, lipa. Wakikataa, au watu wakizidi, kodini taksi ya watu 14 yenye leseni ya PSV, yaani ya kubeba abiria kwa nauli. Hiyo nauli ni kazi yake halali.

Mambo ya mlima na maegesho waliofika Sipi juzi watakueleza. Wewe kama kuna aliyekwisha kutuma 60,000, mrudishie leo, na umwandikie kwenye kundi kwamba hakuna kiti kinachouzwa.