Mtoto aliyegoma kushika ugali: tiba kwa vitendo ilivyotusaidia

Naandika kama ninavyoongea, mnisamehe. Hii ni kwa wale mnaolea mtoto aliyepitia makubwa na hamuelewi kwa nini kabadilika.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 6 matope ya mlima Hanang yaliposhuka mji wa Katesh, Jumapili alfajiri tarehe 3 Desemba 2023, si mnakumbuka, walikufa watu zaidi ya 80. Yeye tope lilimfika kifuani majirani wakamchomoa, mama yake akavunjika mguu. Januari nikamchukua huku Moshi dada aendelee na matibabu.

Alikuja mzima, hana hata kovu la maana, nikajua tumepona. Wiki ya pili ndo nikaanza kuona. Ugali hashiki kwa mkono, anataka kijiko, nikasema huyu kadekezwa. Peku hatembei. Kuoga ni vita, ukimmwagia maji kichwani anapiga yowe mpaka jirani anachungulia. Mvua ikigonga bati yuko uvunguni, na godoro kila asubuhi linaanikwa. Mimi, Mungu anisamehe, siku moja nilimshika mkono nikaubonyeza kwenye ugali nikamwambia utazoea tu. Akatapika. Hapo sina cha kujitetea.

Hospitali ya kwanza tukapewa dawa ya minyoo na vitamini, basi. Nesi mmoja ndo akanivuta pembeni, mama nenda pale kwenye utengamao, wanaporudishia watu uwezo wa mwili, ukaulizie tiba kwa vitendo, ile Wazungu wanaita occupational therapy, ya kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku. Mi nilidhani hao ni wa wazee wa kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo.

Siku ya kwanza nilitaka kudai hela yangu, maana yule mtaalamu wa tiba kwa vitendo, dada mmoja, hakumuuliza mtoto swali hata moja kuhusu matope! Kampa tairi asukume, kavuta naye kamba, kambembesha, muda ukaisha. Afu akanielewesha kwamba mtoto akishtuka vile mwili unabaki kama alamu ya gari iliyoharibika, paka akipita inalia, na hiyo huizimi kwa kumwambia usiogope. Ila akisukuma, akivuta, akibeba, misuli na viungo vinaupa ubongo habari kwamba nipo hapa, nimesimama, sizami, na taratibu unatulia. Baadae nikaja kusoma kwamba mambo haya ya hisi na mwili yalifanyiwa kazi sana na Mmarekani mmoja, Jean Ayres, kuanzia miaka ya 1960, na yeye alikuwa wa fani hiyohiyo.

Sasa utamu ni kwamba dawa yenyewe iko jikoni kwetu. Kila asubuhi kabla ya shule anabeba kidumu cha lita 3 kupelekea kuku maji, jioni anatwanga karanga kwenye kinu, Jumamosi tunakanda chapati. Lakini kwenye unga hatukufika siku moja jamani! Tulianza na mchele mkavu kwenye beseni, namfichia vifuniko vya soda humo anavitafuta, akazoea tukaenda maharage, kisha unga mkavu, kisha unga wenye maji kidogo mkono ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kila hatua yeye ndo anasema tuendelee au tuache. Akisema basi ni basi, hata kama ni dakika 1. Hicho ndo kitu kilichonishinda mimi zaidi yake, maana sisi tumezoea mtoto anaamriwa. Ila fikiria, siku ile hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari. Ilituchukua miezi 4 mpaka akashika donge kwa mkono mtupu.

Kuoga tulibadilisha hivi, kopo anashika mwenyewe, anaanzia miguuni, kichwa ni mwisho na anahesabu mpaka 10. Mvua nikiona wingu namwambia mapema, tunafunika meza kwa khanga anaingia chini na ndoo yake anaipiga kama ngoma kushindana na bati. Kelele zake sizisemi. Na lile blanketi zito mnaloliona mitandaoni, mtaalamu alinikataza, mtoto mdogo unaweza kumbana pumzi, bora umkande miguu kwa mkono, tena kwa ruhusa yake.

Mwalimu wake nilimuomba kitu kimoja tu, mtoto akianza kuchachamaa asimchape, ampe madaftari ya darasa apeleke ofisini. Alikubali, nashukuru.

Masika ilipokolea Aprili tulirudi nyuma, godoro likalowa tena wiki 2, nikalia. Nikaambiwa ni kawaida, punguza hatua usiache ratiba. Na kama wako anaongelea kufa au anajiumiza, usisubiri mambo ya unga na mchele, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, anahitaji na daktari wa akili au mshauri. Hawa wa vitendo bado sio wengi, ila wanafundishwa hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa hiyo anzia hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uliza kwa jina hilohilo la tiba kwa vitendo.

Ugali sasa anakula kwa mkono, tonge kubwa kuliko langu. Tope bado hakanyagi peku na sijamuomba. Ana mabuti yake ya mpira nyuma ya mlango, wingu likijikusanya anaenda kuyavaa mwenyewe afu anakaa kizingitini anaangalia.